Kopo la Juu ya Kabati

Lilikuwa kopo la chai, kutu shingoni,
tembo wa ubavuni amefutika, umebaki mkonga.
Chai haikuwamo tangu nizaliwe.
Mlikuwa na gundi ya mgunga,
vipande kama sukari guru iliyoguguna panya,
na mama, kabla hajafungua, alilitikisa,
akajua kwa mlio imebaki ya siku ngapi.

Kwetu Kordofani, mvua zikishakata mguu
na majani ya mgunga yakianza kujichokea,
baba alishika sunki, mpini mrefu, chuma bapa nchani,
akaiendea miti kama mtu anayekwenda kudai deni
lakini kwa adabu.
"Chubua," aliniambia, "usichinje.
Ganda likitoka kama utepe, umepatia.
Ukiona nyama ya mti inakutazama,
omba radhi, nenda mti mwingine."

Wiki sita, tukarudi na makapu.
Mwalimu wa shule, mtu wa mjini, aliyaita machozi.
Baba, Tairabu, hakuwa na neno hilo.
Alisema: kigaga.
Mti umejifunga kidonda,
sisi tunauza bandeji.

Jido wa mizani aliuma punje, akaiinua juani,
akiitafuta talha, gundi ya mti ndugu, maskini,
ambayo wezi huichanganya.
Kwetu hakuipata.
Nikamuuliza, inakwenda wapi?
"Kwenye soda. Kwenye vidonge.
Kwenye rangi za watoto wa Ulaya.
Wanaila wasijue."
Akacheka, akapunguza ratili mbili.

Iliyokataliwa ndiyo iliyoingia koponi.
Bibi Sitana aliloweka kijiko kimoja usiku
akainywa alfajiri, dawa ya figo,
akikunja uso, kisha akimshukuru Mola.
Noti iliyochanika. Kishada cha Adlani.
Tari iliyopasuka siku ya pili
ya harusi isiyo yetu.
Na masizi ya sufuria, yakikorogwa na gundi na maji,
yakawa wino wa chuoni. Adlani akauosha ubao,
akanywa maji yake kama kombe,
akarudi na midomo myeusi, sura nzima tumboni,
akiomba uji.

Mwaka ambao miti haikutoa kitu
Adlani akaenda Benghazi.
Barua ya kwanza ililetwa na dereva wa lori la ngamia.
Mama hajui kusoma, ila hakunipa.
Aliigeuza, akainusa, kisha
(niliapa sitasema, nasema)
akaulamba ukingo wa bahasha, pale ilipofungwa.
Akatema.
"Si yetu," akasema. "Sijui wamemfungia kwa nini."

Nikasoma: mzima, anapiga plasta, anakula,
msalimieni fulani na fulani.
Mama alisikiliza
kama anayesikiliza bei.

Usiku akatia punje tatu kikombeni, maji ya moto,
akakoroga kwa kidole mpaka kikatoa uzi.
Kwanza akaifunga upya barua ya mwanawe.
Mama, hiyo imeshafika, nikamwambia, haiendi popote.
"Najua."
Akaibana chini ya jiwe la kusagia.

Ile ya kwetu aliipaka nene mno.
Bahasha ikakunjamana, ikakauka ngumu kama ngozi ya ngoma.
Dereva akaigonga kwa ukucha: mmetia nini humu?
Karatasi moja tu, nikasema.

Jibu lilichukua miezi minne.
Adlani aliandika kwamba ilimbidi aikate
kwa mwiko wa plasta,
na kwamba kidole cha mama kilikuwa kimegandia pale,
mistari yote, na kovu la kisu pia,
wazi kuliko mwandiko wangu.

Hakusema kama aliilamba.